Ukucha wa Kuazima

Gunia la kwanza lilifunguliwa mbele ya Fundi Ukucha. Aliingiza mkono ndani, akatoa kipande cha chuma chenye rangi ya tofali, akakigeuza, nacho kikamwachia unga mwekundu mapajani. Akakiweka chini. Akatoa kingine, na kingine. Mkewe, aliyesimama kando na beseni tupu mikononi, alikuwa ameshahesabu vipande kumi na saba pale mumewe alipofungua mdomo.

"Niliviacha na oili," alisema. "Oili imekwenda wapi?"

Hapo ndipo mke alipotakiwa kusema. Mlango wa kusemea ulikuwa wazi, tena mpana kiasi cha kupita na mizigo. Badala yake akasema, "Mvua, baba watoto. Si unalijua lile bati la nyuma linavyovuja."

Bati lilikuwa linavuja kweli. Uongo unaodumu ni ule uliochanganywa na ukweli kidogo, na mke yule, ambaye hakuwa mzoefu wa kudanganya, aliupatia mara ya kwanza tu.

Mambo yenyewe yalikuwa hivi. Mtaani walimwita Mama Usafi, wala hawakumsingizia. Alikuwa mtu wa kufagia uwanja mpaka kuku wakaona haya kuukanyaga. Mumewe alipolazwa hospitali kwa kidonda cha mguu kilichokataa kupona kwa sababu ya sukari, mwenye chumba cha karakana alitaka chumba chake, na mke akakodi mkokoteni, akaileta nyumbani injini iliyokuwa imefunguliwa vipande vipande. Oili nyeusi ikachuruzika kwenye sakafu ya chumba cha mama mkwe. Wageni walikuwa wanaingia na kutoka kuwapa pole. Basi Mama Usafi akaketi na maji ya moto na sabuni ya unga, akakisugua kipande kimoja kimoja hadi kikang'aa, akavianika mkekani juani kama vyombo vya harusi. Vilipokauka akavifunga kwenye magunia aliyopewa bure na muuza duka, magunia yaliyokuwa na chumvi, akayapanga nyuma ya nyumba. Kilichonusurika ni pampu ya dizeli peke yake, kwa kuwa Fundi alikuwa ameijaza grisi, akaifunika nailoni na kuikaza kwa waya, na vidole vya mkewe havikuweza kuifungua ile waya. Yote hayo aliyafanya kwa mapenzi, ili mumewe akirudi akute mali ya watu iko safi. Kwa miezi saba ile chumvi ilikunywa unyevu na kuulisha chuma.

Sasa Fundi amerudi, vidole vitatu vya mguu vimebaki hospitali, na injini si yake.

*

Mwenye injini alikuja saa nne asubuhi hiyo hiyo. Alikuwa mwanamke wa makamo, mwenye mashine ya kusaga nafaka, na kila mtu alimwita Mama Kinu. Alikaribishwa kiti, akakikataa. Alisimama juu ya vile vyuma vyekundu, mkono kiunoni.

"Fundi, hii ndiyo injini yangu au ni meli iliyozama?"

"Kutu ya juu tu, mama. Inatoka."

"Inatoka lini?"

Fundi alikohoa. Mkewe akajitia kufuta stuli ambayo haikuwa na vumbi.

"Mimi sikukusumbua ulipokuwa kitandani," Mama Kinu aliendelea, bila kupaza sauti. "Nilikuja hospitali na matunda. Mkeo shahidi. Lakini miezi saba, Fundi! Wateja wangu wanapita mlangoni kwangu na nafaka kichwani, wanakwenda kusaga kwa jirani. Na wananisalimu! Hujambo mama, habari za nyumbani. Ile salamu inaniuma kuliko wangenitukana."

"Naelewa, mama."

"Leo Jumatatu. Jumamosi nakuja na mkokoteni. Nikikuta injini, nitakulipa nusu yako iliyobaki na heshima juu. Nikikuta hiki ninachokiona, nitakizoa kama kilivyo, niwapelekee wengine, na wakiniuliza nitawaambia ukweli. Fundi Ukucha amekwisha."

Alipoondoka, Fundi alibaki akitazama njia. Maneno yale hayakuwa vitisho. Mtaa mzima ulikuwa unangoja kuona kama mtu aliyetoka hospitali kwa fimbo bado ni fundi, na kazi hii ndiyo ilikuwa ya kwanza. Ikiharibika, hapatakuwa na ya pili.

Jina lake alilipata kwa njia ya haki. Alikuwa akipima chuma kwa kupitisha ukucha wa dole gumba juu yake, polepole. Ukiteleza, chuma ni kizima. Ukikwama, hata kama jicho halioni kitu, chuma hicho ni cha kuchongwa upya au kutupwa. Wenzake walinunua vipimo vyenye namba, wakapima, halafu wakaja kumuuliza ukucha wake unasemaje.

*

"Utamwambia lini?" mama mkwe aliuliza. Alikuwa ameketi kwenye kizingiti cha jiko, anachambua mboga, na hakumtazama mkwewe.

"Nimwambie nini, mama?"

"Mwanangu, mimi macho yananisumbua lakini siku ile nilikuona. Nilikuambia chuma hakioshwi kama sufuria. Ukaniambia mama, we acha tu."

Mama Usafi alichutama karibu yake. "Akijua sasa hivi atavunjika moyo. Amalizane na Mama Kinu kwanza, injini iwake, nitamwambia. Nakuomba, mama."

"Mimi mdomo wangu una kufuli," bibi kizee alisema. "Ila kufuli lenyewe ni bovu, nakwambia mapema." Kisha akacheka kidogo, akamgusa mkwewe begani. "Kamsaidie. Mikono yake si ile."

Hilo mke alilijua kabla ya mtu yeyote. Juma la kwanza baada ya kutoka hospitali, Fundi alikamata kikombe cha bati chenye chai inayofuka, akakishika hivyo hivyo akizungumza, mpaka mkewe aliponusa ngozi ikiungua. Sukari ilikuwa imekula hisia za vidole vyote kumi. Mkono uliweza kukamata spana na kukaza nati, lakini ncha za vidole hazikujua zimegusa nini. Macho nayo yalikuwa yameingia ukungu. Fundi hakutaka neno hilo litoke nje ya nyumba, na halikutoka.

*

Wakaanza kazi. Walikata pipa katikati, wakalijaza dizeli na mafuta ya taa, wakaviloweka vyuma. Fundi alikaa kwenye stuli, mguu wake mbovu ameunyoosha juu ya tofali, na mkewe alikaa chini, brashi ya waya mkononi.

"Sugua kwa kuzungusha. Si kama unasugua sakafu."

"Na mimi nilivyoizoea sakafu!"

"Ndiyo maana nakwambia."

Jumatatu jioni mke alikuwa mwekundu hadi kwenye nyusi. Jumanne alijua kutofautisha vali ya kuingiza hewa na ya kutoa moshi. Alijifunza kuzisugulia vali kwenye vikalio vyake kwa dawa ya mchangamchanga, akizizungusha kwa kijiti kati ya viganja, mpaka zikakaa bila kupitisha hata tone la mafuta ya taa. Silinda ilikuwa na madoa, lakini waliviringisha msasa kwenye gongo, wakaupaka oili, wakaupeleka juu na chini wakipokezana, na madoa yakakubali kutoka. Bolti mbili zilikatika. Ringi za pistoni zilikuwa zimeganda; wakaziloweka, wakazingoja, zikaachia tatu na ya nne ikavunjika, mke akaenda kununua nyingine kwa fedha ya dawa za wiki ile. Pampu ya dizeli ilipofunguliwa ile nailoni ilitoka inang'aa, na Fundi akaibusu hadharani.

"Mbona mimi sibusiwi hivyo?" mke aliuliza.

"Ungekaa miezi saba kwenye grisi ningekubusu."

Mama mkwe alicheka mpaka akakohoa. Mama Usafi alicheka pia, na kicheko kikamchoma, maana alijua kwa nini pampu ilikuwa nzima na vingine vyote vilikuwa vibovu. Lakini zilikuwa siku nzuri. Katika miaka ishirini na sita ya ndoa hakuwahi kujua mumewe anafanya nini huko anakokwenda asubuhi. Sasa alijua, na alikuwa anampenda kwa jambo jipya, jambo ambalo uzeeni si rahisi kulipata.

Ikabaki krenki.

Krenki ndiyo uti wa mgongo wa injini. Ina shingo moja nene pale mkono wa pistoni unapokaba, na shingo hiyo inatakiwa iwe laini kama kioo, kwa sababu inazunguka ndani ya bering maelfu ya mara kwa saa. Walipofuta kutu ya juu, shingo ilionekana ina vidoa vyeusi, kama uso wa mtu aliyewahi kuugua ndui.

*

Jumatano waliifunga krenki kwenye shuka kuukuu, wakaipeleka kwa mchonga vyuma. Huyu alikuwa kijana wa Fundi zamani, alijifunza kazi kwake, akaondoka, akapata mashine ya kukereza na sasa ana karakana yenye geti. Mlinzi wa geti aliwaambia wakae kwenye benchi pamoja na wateja. Wakakaa. Watu watatu waliokuja baada yao waliitwa kabla yao. Fundi aliitazama fimbo yake muda wote.

"Shikamoo mzee!" mchonga vyuma alitoka hatimaye akijifuta mikono. "Mbona hawakuniambia ni wewe? Samahani sana. Mama, karibuni."

Akaichukua krenki, akaiangalia kwenye mwanga. Akapiga mluzi mdogo.

"Hii ililala kwenye chumvi au nini?"

Mke alihisi masikio yanawaka. Fundi alisema, "Mvua."

"Ikibidi kuchonga, mzee, nina foleni ya siku kumi. Pamoja na bering za saizi ndogo, itakula kodi yako ya miezi mitatu, na hapo nimekufanyia kama baba yangu. Lakini isugueni kwanza kwa msasa wa maji. Huenda ni madoa tu. Ukucha usipokwama, huna haja na mimi. Si wewe uliyenifundisha?"

"Ni mimi."

"Ukishasugua, ilete nikupimie. Dakika moja tu, bila malipo."

Alisema kwa wema. Wema huo Fundi aliupokea kama kofi. "Unipimie wewe?" alisema, akaivuta krenki kutoka mikononi mwake. "Mimi nipimiwe na wewe?" Watu wa kwenye benchi waliacha mazungumzo yao. Mchonga vyuma aliinamisha kichwa, akasema, "Nisamehe, mzee, sikuwa na maana hiyo." Njiani kurudi, Fundi alitangulia na fimbo yake. Mkewe aliibeba krenki begani, nzito kama mtoto wa miaka mitatu aliyesinzia, akamfuata.

*

Waliisugua siku nzima ya Alhamisi. Waliukata msasa utepe, wakauzungusha kwenye shingo ya krenki, wakauvuta kwa zamu kila mmoja upande wake, kama watu wawili wanaokata gogo kwa msumeno. Wakapaka oili, wakavuta. Baada ya saa tisa alasiri chuma kiling'aa. Vidoa vilikuwa vimebaki, vichache, vyeusi.

"Doa si kitu," Fundi alisema. "Doa ni rangi. Tunataka kujua kama kuna shimo."

Akaiweka krenki mapajani, akaifuta kwa kitambaa safi, akapitisha ukucha. Mara moja. Mara mbili. Akabadili kidole. Akafumba macho.

"Naona nimevaa glavu, mama watoto," alisema. "Tangu hospitali nimevaa glavu na siwezi kuzivua."

Hakuwahi kulisema hivyo. Mke alitaka kumshika mkono, akakumbuka kwamba hata akimshika, mumewe hatamsikia.

"Niazime ukucha wako," Fundi alisema.

"Mimi? Mimi najua nini?"

"Hakuna cha kujua. Usibonyeze. Uache utembee wenyewe, kama unampapasa shavu mtoto aliyelala. Kikiwepo kitu, utakisikia tu."

Alimsogezea krenki. Kucha za Mama Usafi zilikuwa fupi kwa kufua, lakini wa dole gumba ulibaki kidogo. Akauweka juu ya chuma, akauacha utembee. Ulitembea vizuri. Ukatembea. Halafu ukakwama.

Ulikwama kidogo sana, kama uzi wa nguo unavyonasa kwenye kidole chenye ufa. Ukaruka, ukaendelea, na mbele kidogo ukakwama tena.

Alijua maana yake. Maana yake ilikuwa siku kumi na kodi ya miezi mitatu, na Jumamosi ilikuwa keshokutwa. Maana yake ilikuwa mumewe kurudi kwenye lile benchi, mbele ya wale watu. Na maana yake ya mwisho, ile aliyoiogopa zaidi, ilikuwa swali: mvua gani hii inayochimba chuma namna hii? Aliinua uso. Fundi hakuwa anautazama mkono wake. Alikuwa anautazama mdomo wake, kama mgonjwa anavyoutazama mdomo wa daktari.

"Inateleza," mke alisema.

"Hakuna kitu?"

"Hakuna."

"Pitisha tena. Polepole."

Alipitisha tena, na safari hii aliuinua ukucha kidogo, upana wa unywele, ukapita juu ya shimo bila kugusa. "Inateleza, baba watoto. Kama kioo."

Fundi Ukucha alicheka. Alicheka kwa sauti, kichwa nyuma, meno yote nje, kicheko ambacho nyumba ile haikukisikia tangu alipolazwa. Mama mkwe akauliza kutoka ndani kuna nini. "Mama, mkweo ni fundi!" alimjibu. "Tumepata fundi nyumbani!"

*

Jumamosi, ikiwa imeshafungwa kinuni kwa Mama Kinu, injini iliwaka walipoizungusha mara ya tatu. Ilitoa moshi mweupe, ikakohoa, ikatulia, ikaanza kupiga mapigo yake mazito, na mkanda ukazungusha kinu. Mama Kinu alipokea unga wa kwanza viganjani mwake, akaunusa. Alimlipa Fundi palepale mbele ya watu, akaongeza kidogo, akasema kwa sauti ya kusikika, "Waliosema amekwisha waje waone." Kila mtu alijua aliyesema ni nani, lakini furaha haina kumbukumbu.

Fundi alirudi nyumbani bila kuegemea fimbo. Kabla ya wiki kuisha walikuwa wameletewa pampu ya maji na jenereta bovu. Mama mkwe alimtazama mkwewe kwa jicho la kuuliza, na mkwewe akasema, "Bado kidogo, mama. Acha atulie."

"Haya," bibi kizee alisema. "Njia ya mwongo fupi, lakini miguu ni yako."

Siku ya kumi na tisa, saa tano asubuhi, watu wakiwa kwenye foleni na nafaka zao, injini ya Mama Kinu ilianza kugonga. Iligonga kama mtu anayetaka kufunguliwa. Kabla msimamizi hajaikimbilia kuizima ikapasuka kwa kishindo, mkono wa pistoni ukatoboa tumbo la injini, ukatoka nje na kukaa hapo, unachuruzika oili. Hakuna aliyeumia. Wanawake wawili waliangusha vikapu vyao, na unga ukamwagika chini, ukachanganyika na oili.

Mchonga vyuma ndiye aliyeitwa kuifungua. Fundi alisimama pembeni na mkewe nyuma yake. Kijana aliitoa krenki, akaifuta, akapitisha ukucha mahali ambapo bering ilikuwa haijasaga. Akapitisha tena. Uso ukamshuka.

"Mzee," alisema taratibu, "hii ulipima?"

"Nilipima."

"Wewe mwenyewe?"

Fundi aliwatazama waliomzunguka. Watu walikuwa wengi, na wengine walikuwa wateja wake wa miaka ishirini. "Nilipima mimi," alisema. "Na mikono yangu ina ganzi. Sisikii kitu. Nilijua, nikaficha. Kosa ni langu."

Mama Kinu hakupiga kelele. Angepiga kelele ingekuwa afadhali. Alichukua ufagio, akaanza kuufagia ule unga ulioharibika, na watu wakampisha Fundi apite, wakimwangalia mguu.

Nyumbani, Fundi alimwambia mkewe, "Usijilaumu. Nilikosa mimi kukupa kazi usiyoijua. Ukucha wangu mwenyewe ulichukua miaka kujua." Akampigapiga mgongoni kwa mkono usiohisi. Mwenye pampu ya maji alikuja kuichukua pampu yake, na mwenye jenereta alimtuma mtu.

*

Ijumaa Mama Kinu alikuja na mkokoteni, na mchonga vyuma akaja naye awe shahidi. Fundi mwenyewe ndiye aliyewaita. Sanduku la vifaa lilikuwa limeshasogezwa mlangoni: sanduku la chuma, la kijani, lenye spana za kila saizi, tupa, nyundo, na vifaa alivyovitengeneza kwa mikono yake kwa miaka thelathini.

"Injini siwezi kukulipa, mama," Fundi alisema. "Nilichonacho ni hiki. Kiuze, uanzie hapo."

"Sikukuomba sanduku, Fundi."

"Najua. Ni haki yako."

"Mzee," mchonga vyuma aliingilia, "ukitoa sanduku utabaki na nini?"

Mama Usafi alikuwa amesimama mlangoni. Alimwona mumewe amejikaza, akimjibu kijana wake kwa tabasamu, na akaona kwamba mtu huyu anatoa maisha yake yote kulipa deni la sabuni. Hakuweza tena.

"Ulikwama," alisema.

Wote walimgeukia.

"Ukucha wangu ulikwama. Yeye hakupima, alinipa mimi, na mimi niliusikia vizuri tu. Mara mbili. Nikamwambia inateleza." Alikuwa analia lakini sauti ilitoka. "Na kutu si ya mvua. Nilivifua vile vyuma kwa sabuni, nikavifunga kwenye magunia ya chumvi. Mama alinikataza. Baba watoto hajakosa chochote, mnanisikia? Ufundi wake mzima. Mimi ndiye niliyeharibu."

"Mungu wangu," Mama Kinu alisema. Halafu, kama mwanamke kwa mwanamke, "Kwa nini, mwenzangu?"

"Alikuwa hajacheka tangu hospitali."

Mke alimgeukia mumewe. Alitegemea hasira, na alikuwa tayari kwa hasira. Ndani yake alitegemea na kitu kingine, faraja kidogo, kwa sababu alikuwa amemrudishia jina lake mbele ya mashahidi. "Umesikia, baba watoto? Hukukosea. Kazi bado unayo. Mimi nitakuwa—"

Fundi aliinua kiganja. Akageuka, akaingia ndani akichechemea. Walisikia kitanda kikisogezwa. Alirudi na kitu kilichofungwa kwenye kitambaa, akakifungua juu ya sanduku. Zilikuwa spana nne na bisibisi moja.

"Hizi nilizibakiza," alimwambia mkewe, kwa sauti ndogo kana kwamba wale wawili hawapo. "Nilimwibia Mama Kinu. Nilisema, mama watoto hakusikia kwa kuwa mkono wake bado mgeni. Nitamfundisha. Miezi miwili, mitatu, atajua. Tuanze na vitu vidogo, mimi nikaze, yeye apime. Nilishaanza kupanga nitakavyokuelekeza."

"Bado unaweza, baba watoto. Nifundishe."

"Asiyesikia anafundishika." Alizitazama spana, akazitazama kucha za mkewe. "Lakini wewe ulisikia. Sasa nitapima kwa mkono wa nani?"

Mama mkwe, ndani, alianza kuomba kwa sauti ya chini. Fundi aliziweka spana zile nne kwenye sanduku, kila moja mahali pake, akaweka na bisibisi, akafunga kifuniko. Mchonga vyuma alisogea kumsaidia, naye akamzuia kwa jicho.

"Shika upande huo," alimwambia mkewe.

Akashika. Sanduku lilikuwa zito na mguu wa Fundi ulikuwa unamlemea, kwa hiyo walikwenda hatua moja moja hadi kwenye mkokoteni, yeye mbele, mkewe nyuma, wala hakuna aliyemwambia mwenzake apunguze mwendo.